Mkao wa Tatu Ulivyoniaibisha Mbele ya Watoto

Jumamosi moja mwezi wa pili, mwalimu alisema "mkao wa tatu," na mimi nikainua mikono yote miwili juu ya kichwa. Duara safi, vidole vinaangaliana, nikijiona niko Moscow. Kisha nikatazama kioo. Watoto 11 walikuwa wameweka mkono mmoja mbele ya tumbo na mwingine umefunguka pembeni. Mimi peke yangu nilikuwa nimesimama kama mtu anayebeba sufuria ya githeri kichwani. Msichana wa miaka 10 hivi, ambaye husimama mbele yangu, akageuka akaninong'oneza kwa huruma ya kweli kabisa: "Anko, hiyo ni ya tano."

Anko. Nina miaka 23.

Kwa wale wageni hapa: ndio, mimi ni yule jamaa aliyeacha chuo mwaka wa pili. Story ya karo nishaipiga, leo siirudii. Tangu mwaka jana najifunza baleti. Miezi 5 ya kwanza nilijifunza na YouTube kwenye bedsitter, bando za usiku, kitanda nimekisimamisha ukutani ndio nipate nafasi ya kufungua mikono. Halafu nikapata darasa la Jumamosi kwenye ukumbi wa kanisa hapa Eastlands, asubuhi kabla kwaya haijaingia. Ndio darasa pekee ninaloweza kulipa, na ndio maana wanafunzi wenzangu wana meno ya utotoni.

Sasa, yule mama wa YouTube aliyenifundisha alikuwa Mrusi, na alisema wazi kabisa kwamba mkao wa tatu ni mikono juu. Mwalimu wangu wa Nairobi anasema juu ni mkao wa tano, na wa tatu ni mmoja mbele, mmoja pembeni. Mmoja wao ananidanganya, nikafikiri. Nikatafuta wiki mbili nzima, na nikagundua hakuna anayedanganya. Kuna ugomvi wa miaka zaidi ya 300 na mimi nimesimama katikati yake nimeinua mikono.

Anza na jambo moja ambalo kila mtu anajua: miguu. Baleti ina mikao 5 ya miguu. Ya kwanza, visigino vinagusana na vidole vinatazama nje. Ya pili, hivyo hivyo lakini umeachanisha. Inaendelea hivyo hadi ya tano, ambapo mguu mmoja umeukumbatia mwingine. Nenda St Petersburg, nenda Paris, nenda kwa watoto wa Kibera ambao picha zao zilizunguka dunia nzima, ukisema "ya tano" kwa miguu kila mtu atasimama sawa. Kwa mikono, weh. Sema "ya tatu" na ukumbi utagawanyika kama kura za mchujo.

Kwa nini miguu ilikubaliana na mikono ikakataa? Jibu linaanza na mtoto aliyejifanya amelala.

Mwaka 1651, mfalme wa Ufaransa alikuwa Louis wa 14, na alikuwa na miaka 12. Nchi ilikuwa imewaka. Wakuu wa ukoo wake na mabwana wakubwa walikuwa wameasi, vurugu ambazo Wafaransa wanaziita Fronde, na miaka miwili nyuma yeye na mama yake walikuwa wametoroka Paris usiku. Sasa wamerudi, na uvumi umeenea kwamba anataka kutoroshwa tena. Watu wa mji wakaingia jumba la kifalme wakataka wamuone kwa macho yao. Wakapitishwa kando ya kitanda chake, mmoja baada ya mwingine, na yeye amefunga macho anajifanya amelala. Hebu jiweke hapo. Una miaka 12, wewe ndio mfalme, na usalama wako wote uko katika kutotikisika.

Miaka miwili baadaye, Februari 1653, uasi umeshindwa, na huyo kijana yuko jukwaani Paris kwenye onyesho lililoitwa Ballet de la Nuit, baleti ya usiku. Ana miaka 14. Mwisho wa onyesho anatokea amevaa dhahabu mwili mzima, miale kichwani, yeye ni Jua linalochomoza, na wakuu wa ufalme wake wanacheza kumzunguka. Ndiko lile jina la Mfalme wa Jua lilipata nguvu. Haikuwa burudani hiyo, ilikuwa rali ya kisiasa. Alikuwa anawaambia waliokuja kumchungulia kitandani: sasa nitazameni vizuri.

Nawaambia hii kwa sababu nilipoposti klipu yangu ya kwanza, ya sekunde 14, kuna wasee walicheka hadi wakanitumia bonge za sketi. "Baleti ni ya madem." Sawa. Mwanzo wake ni mfalme na wanaume wenye panga viunoni. Kwenye jukwaa la Opera ya Paris, wanawake wachezaji wa kulipwa walionekana mara ya kwanza mwaka 1681. Kabla ya hapo, nafasi za wanawake hapo zilichezwa na wanaume waliovaa barakoa. Wanawake walikuja kuishika hii sanaa baadaye sana, hasa baada ya 1832, Marie Taglioni alipocheza La Sylphide akiwa juu ya ncha za vidole na wanaume wakasukumwa nyuma wawe watu wa kuinua. Kwa hivyo ukitaka kunicheka, nicheke kwa sababu magoti yangu hayanyooki. Hiyo ni haki yako na ina ushahidi.

Turudi kwa mikono.

Mwaka 1661, Louis akiwa sasa mfalme kamili, alianzisha chuo cha kifalme cha densi, Académie Royale de Danse. Walimu 13. Kazi yao ilikuwa kuweka densi kwenye mstari: ipi ni sahihi, ipi ni ya ovyo. Mwalimu wake mwenyewe wa densi alikuwa mtu anaitwa Pierre Beauchamp, na ndiye anayetajwa kama aliyepanga ile mikao 5 ya miguu. Beauchamp pia alikuwa ametengeneza njia ya kuandika densi kwenye karatasi, lakini hakuitoa kama kitabu. Akakaa nayo.

Mwaka 1700, jamaa mwingine, Raoul-Auger Feuillet, akatoa kitabu kinaitwa Chorégraphie. Ndani yake kuna mfumo wa kuandika densi: mstari unaonyesha unavyotembea sakafuni, na pembeni ya mstari kuna vialama vya kila hatua, kunja hapa, inuka hapa, ruka hapa. Kikauzwa. Kila mwaka akawa anatoa densi mpya kwenye karatasi, kama mtu wa TikTok anayetoa chalenji. Mwaka 1706 kikawa tayari kimetafsiriwa London. Mwalimu wa densi wa mji mdogo ambaye hajawahi kuona Paris angeweza kununua karatasi na kufundisha wanachocheza Paris. Beauchamp akaenda kulalamika mwaka 1704 kwamba huo mfumo ni wake. Akashindwa. Feuillet ndiye tunayemtaja hadi leo, na mfumo unaitwa kwa jina lake.

(Kila mtu ambaye klipu yake imewahi kukatwa alama na kupostiwa na akaunti kubwa, nyamaza dakika moja kwa ajili ya mzee Beauchamp.)

Sasa ona hii. Kwenye zile karatasi za Feuillet, miguu imeandikwa kwa undani wa ajabu. Alama za mikono zipo kwenye kitabu, alizitengeneza, lakini ukifungua densi zenyewe zilizochapishwa, mara nyingi mikono haipo kabisa. Iliachwa. Ulitakiwa uijue, au ufundishwe na mtu uso kwa uso. Ilikuwa ni suala la ladha na malezi.

Na mimi nadhani, haya ni maoni yangu, mnaweza kunikosoa, kwamba hapo ndipo mambo yalipogawanyika. Miguu iliingia kwenye karatasi mapema ikafungwa. Mikono ikabaki ikipita mwili kwa mwili, mwalimu kwa mwanafunzi, na kitu kinachopita hivyo hubadilika kidogo kila kinapovuka mpaka.

Mwaka 1725 Pierre Rameau alitoa kitabu cha mwalimu wa densi, na yeye angalau aliipa mikono kurasa zake. Anaiona mikono kama fremu ya picha: picha inaweza kuwa kali, lakini fremu mbovu inaiharibu. Mikono ya wakati huo haikupanda juu ya kichwa kama ya leo. Fikiria nguo zao, koti zito, mikono ya shati yenye marinda ya lesi. Mikono ilikaa usawa wa kifua na kiuno, na kazi kubwa ilikuwa kwenye kifundo cha mkono na kiwiko, kuzungusha, kufungua kiganja taratibu. Na sheria moja ambayo bado inatumika: mguu wa kulia ukiwa mbele, mkono wa kushoto ndio unakuja mbele. Ambayo ni vile unavyotembea kwenda stegi kila asubuhi. Hawakuvumbua, waliitia adabu tu.

Karne iliyofuata nguo zikapungua uzito na mikono ikapanda. Mwitaliano Carlo Blasis akaandika kitabu mwaka 1820, akatazama sanamu za kale na za Italia, akataka mwili wote uwe mstari mmoja wa kupendeza kutoka kidole cha mguu hadi cha mkono. Baada yake baleti ikahama kitovu, ikaenda Urusi, na hapo ndipo mkao wangu wa tatu ulipozaliwa.

Kulikuwa na Mwitaliano mwingine, Enrico Cecchetti, aliyefundisha St Petersburg miaka ya mwisho ya karne ya 19, halafu mwaka 1918 akafungua shule London. Mbinu zake zikaandikwa kitabu mwaka 1922. Huko London kulikuwa tayari kuna chama cha walimu kilichoanzishwa 1920, ambacho leo kinajulikana kama Royal Academy of Dance. Waingereza wakabaki na hesabu ndefu ya mikono, hadi tano. St Petersburg kule, Mrusi Agrippina Vaganova, aliyewaona hao Waitaliano kwa macho yake akiwa kijana, alikaa baada ya mapinduzi akawa mwalimu. Akachukua mapafu ya Wafaransa na misuli ya Waitaliano, kwa lugha yangu, na mwaka 1934 akatoa kitabu chake. Kwake mikao ya mikono ni mitatu tu, na mkao wa maandalizi. Ya kwanza mbele, ya pili pembeni, ya tatu juu. Kwisha. Mingine yote kwake ni mchanganyiko wa hiyo.

Kwa hivyo mama wa YouTube alikuwa mtoto wa Vaganova, na mwalimu wangu ni mtoto wa London. Kwa nini mwalimu wa Nairobi anafuata London siwezi kukuelezea kama hujui nani alitutawala.

Binafsi? Nampa Vaganova hoja. Tatu zinatosha. Lakini mtihani ni wa London, na aliyenisahihisha ana miaka 10 na alama nzuri kuniliko, kwa hivyo Jumamosi naweka mkono mmoja mbele na mwingine pembeni kama watu.

Lakini mikao yenyewe ndiyo rahisi. Hii sikuielewa kwenye YouTube kwa sababu huwa nasimamisha video, na ukisimamisha video unaona mikao tu. Kilichonitesa darasani ni mipito. Unatokaje chini kwenda juu? Mimi nilikuwa nainua mikono kupitia pembeni, kama ndege anayeruka. Mwalimu akasema hapana, unapita mbele, kwenye mkao wa kwanza. Ule wa kwanza ni mlango. Chini, mlangoni, juu, kisha unafungua pembeni, kisha unashuka. Huo mzunguko Wafaransa wanauita podebra, yaani ubebaji wa mikono, na naapa nimeufanya zaidi ya mara elfu na bado sijaufanya mmoja mzuri.

Kwa sababu kuna haya yote yanatokea kwa pamoja. Mikono ikipanda, mabega hayaruhusiwi kupanda nayo. Kiwiko kinabeba, kifundo kinafuata, vidole vya mwisho kufika. Ukiwa pembeni, kiwiko kikilegea kidogo tu, mkono unaonekana kama nguo iliyoanikwa. Mwalimu husema tone la maji likiwekwa begani liteleze hadi kidole kidogo bila kukwama. Langu linakwama kwenye kiwiko kila wiki, nadhani hapo kuna bwawa. Kabla ya kushuka, kiganja kinageuka, unavuta pumzi, mkono unarefuka kidogo kana kwamba umeona kitu mbali, ndipo unashuka. Hiyo pumzi ndogo ndiyo tofauti ya yule msichana wa mbele na mimi. Mimi nashusha mikono. Yeye anaiaga.

Na mabega. Hapa ndipo shida yangu kubwa ilipo, na nilichukua muda kujua inatoka wapi. Mwalimu alinishika mabega mara nne kwenye darasa moja, akasema, "Yanaongea. Nyamazisha."

Mathe ni Mwisukha wa Kakamega. Mimi nimekulia Isukuti. Kwa wasiojua, Isukuti ni ngoma na ni densi, ngoma 3, kubwa, ya kati na ndogo, na pembe, na njuga za chuma, na inachezwa harusini, matangani, mtoto akizaliwa. Na injini yake ni mabega. Nilijua kutikisa mabega kabla sijajua kufunga viatu. Sasa niko kwenye ukumbi Eastlands, mtu ananilipisha pesa kuyanyamazisha.

Sijakasirika naye, ndio kazi yake. Lakini nilirudi nyumbani na swali. Ya mfalme wa Ufaransa nimeisoma: mwaka, majina, nani alimuibia nani. Isukuti iko wapi? Niliangalia. Iko UNESCO, mwaka 2014, kwenye orodha ya vitu vinavyohitaji kulindwa kwa dharura. Densi ya nyumbani kwetu iko kwa orodha ya wagonjwa mahututi, na mimi najua jina la mwalimu wa densi wa Louis wa 14.

Pasaka nikaenda ushago. Babu ana miaka 70 na kitu, goti moja limeisha, lakini mabega bado ni ya kijana. Nikamwomba acheze pole pole nirekodi. Akajaribu, akaacha. "Ukiipunguza mwendo inakufa," akasema. Nikamuuliza, bega la kwanza ni lipi, kulia au kushoto? Akanitazama kama nimemuuliza anaanza kupumua na pua gani. Bibi akaingilia kati, akasema ni kulia. Babu akasema si kulia, ni ngoma. Wakabishana hadi chai ikapoa. Nilitamani Feuillet angekuwepo aone, labda angejua kwa nini mimi sielewi.

Kisha babu akasema, haya, nionyeshe hiyo ya mzungu wako. Nikasimama uani katikati ya kuku, nikafanya mzunguko mmoja, chini, mbele, juu, pembeni, chini. Hakucheka. Alikaa kimya kidogo, akaniambia nirudie. Mara ya pili akasema, "Hapo kabla hujashuka. Hapo mbona unaharakisha?"

Mwalimu wangu hulipwa kuniambia hivyo.

Mathe alikuwa mlangoni akiangalia. Tangu niache chuo hajawahi kuniuliza kitu chochote kuhusu ninachofanya, yeye huuliza tu kama nimekula. Safari hii akauliza kama darasa lina cheti. Nikasema kuna mtihani. Akauliza ni pesa ngapi. Sikumjibu vizuri, nilisema ni kidogo, na ni uongo.

Nina klipu 6 za babu kwenye simu. Sizipandishi, msiniulize. Nimenunua daftari la mistari ya 50 bob na nimeanza kuandika ya kwanza kwa alama zangu mwenyewe: mstari mmoja wa bega la kulia, mmoja wa kushoto, nukta kwa kila pigo la ngoma kubwa. Naangalia kwa nusu ya mwendo, narudisha nyuma, naandika, nafuta. Nimefika sekunde ya 9.